Mtani Tuliyempeleka Baraza la Uzio

Mwanamke mmoja alikuwa na shamba la mahindi, na shamba lile lililiwa lote kwa sababu watu wazima walicheka. Bisha. Nakuruhusu. Wamebisha wengi kabla yako, wenye vyeti vya kutundika ukutani, na mimi niliyeacha shule darasa la sita nikawasubiri wamalize, kisha nikawapeleka wakaone mahali shamba lilipokuwa. Walirudi bila ubishi. Mmoja aliacha hata kofia yake kule.

Najua mnalobishania siku hizi. Nchi inachagua watu wa kwenda kukaa katika lile bunge la nchi jirani zote, na kila ninapopita nasikia maneno yale yale: kule ni mbali, kule ni posho na suti, mpelekeni yeyote. Mmoja wenu, simtaji, ana kitambi na anajijua, amesema mbele yangu kwamba kura yake ni ya yule mchekeshaji wa redioni, angalau atuchangamshe. Wakubwa zangu, kaeni kidogo. Kazi zenu hazitakimbia, maana hata mkiwa kazini hamzifanyi.

Kijiji chetu ni Kwamsanja. Tuna majirani watatu: Kilimani, Ng'ambo na Mkuyuni. Vijiji vyote vinne vimekaa kati ya msitu na mto. Tembo wako msituni, maji yako mtoni, na katikati ni mahindi yetu. Shida unaiona mwenyewe.

Kwa miaka mingi kila kijiji kilijilinda peke yake. Sisi tulipiga madebe, tembo wakaenda Ng'ambo. Ng'ambo wakawasha mioto, tembo wakarudi kwetu. Tuliambukizana tembo kama mafua. Mwishowe wakubwa wa vijiji vyote wakakaa na kukubaliana jambo la akili, na mimi si mtu wa kusifu wakubwa ovyo: tufunge uzio mmoja, wa wote. Uzio wenyewe ni kamba ya katani yenye vitambaa, na vitambaa vimelowekwa mafuta machafu ya gari na pilipili ya kusaga. Tembo akinusa, anapiga chafya na kugeuka. Lakini tembo huwezi kumfungia maji. Lazima umwachie mlango, mpana, ashuke mtoni na kurudi. Na pale mlango utakapokaa, mwenye shamba la hapo hatalima tena.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja: mlango ukae wapi? Likaundwa Baraza la Uzio. Kila kijiji kichague mjumbe wake, wajumbe wakae pamoja, na wakishakubaliana, neno lao linafunga vijiji vyote vinne.

Yule mwanamke wa mahindi aliitwa Mwantumu. Alikuwa mjane, analea wajukuu wawili. Shamba lake lilikuwa la mwisho upande wetu, udongo mweusi, ukisimama ukingoni unaona maji. Kila mwenye macho alijua kwamba mlango una mahali pawili tu. Ama ukae Ng'ambo, kwenye ule mchanga usiolimwa ambako tembo wenyewe walizoea kupita, ama ukae kwa Mwantumu. Jibu lilikuwa jepesi. Lilihitaji mtu wa kulisema tu.

Siku ya kuchagua walisimama wawili.

Wa kwanza ni Chambuso. Mtu mkavu yule, unaweza kumsaga ukapata unga. Akishika neno haliachi. Kwenye kikao cha shule watu wameshaanza kusinzia, yeye bado anauliza bati zilizobaki ziko wapi. Hakuna aliyempenda. Mimi nilikuwa nikimwona kwa mbali nabadilisha njia, na mimi si mtu wa kukimbia watu.

Wa pili ni Semhando. Huyu alikuwa mtani, na hapa wasiotoka upande wetu wasikilize vizuri. Vijiji vile vinne ni watani tangu mababu walipopigana mpaka wakachoka, na kwa kuwa tumeoana, kila nyumba ina mtani hapo hapo kijijini. Mtani ana ruhusa. Anakuja kwenye msiba wako amevaa kanzu ya marehemu, anadai yeye ndiye mrithi, anakutukana wewe na ukoo wako, na huruhusiwi kukasirika. Atakayekasirika anatozwa kuku. Kuku analiwa hapo hapo, na aliyetozwa anapewa paja, ili asiondoke na kinyongo. Halafu alilosema mtani linaachwa pale pale, halibebwi nyumbani. Ndiyo sheria. Kwa sheria hiyo vijiji vinne vimekaa bila kuchomana mikuki, na kwa sheria hiyo Semhando alikuwa mfalme. Akisimama tu, hajafungua kinywa, watu wameshashika mbavu.

Tulikwenda uwanja wa mpira, tukaambiwa kila mtu apange mstari nyuma ya anayemtaka.

"Kule si kazi, kule ni maneno," alisema Mbwego, mwenye mashine ya kusaga. "Mpelekeni mwenye maneno."

"Na Chambuso je?"

"Chambuso abaki hapa hapa, atusumbue sisi tuliomzoea. Mnataka majirani watucheke?"

"Semhando, ukifika kule uwakomeshe Kilimani!" akapiga kelele mama mmoja. "Uwaambie ng'ombe wao wamekonda kama wenye ng'ombe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mstari wa Semhando ulianzia golini, ukafika goli la pili, ukakunja kona. Na mimi nilikuwemo, tena napiga mluzi. Nyuma ya Chambuso alisimama mkewe, mdogo wake, na mlevi mmoja aliyedhani ule ndio mstari wa kwenda nyumbani.

Kabla hatujatawanyika Chambuso aliuliza, kwa sauti yake ile ya kuchosha: "Mnamtuma akaseme nini?"

Tukamzomea mpaka akakaa.

Baraza lilikutana Mkuyuni, ndani ya ghala la pamba. Kilimani walimchagua mkunga wao. Ng'ambo walimchagua fundi baiskeli. Mkuyuni, wenyeji, walimtoa mzee mpima pamba, naye ndiye akawa mwenyekiti. Semhando akafika kwa baiskeli, akaiegemeza ukutani, akamwambia fundi wa Ng'ambo asiisogelee, maana baiskeli ikiguswa na mtu wa Ng'ambo inapoteza pumzi. Baraza likacheka nusu ya asubuhi. Wenzetu walipenda utani kama sisi. Ila walipomaliza kucheka, kila mmoja alikuwa ametumwa jambo na watu wake, akalisema.

Kila aliporudi, tulimsubiri mbele ya mashine ya Mbwego. Watu waliacha mahindi yao kwenye foleni, wakaja.

"Haya, mjumbe wetu! Umewaambia nini leo?"

Naye alitusimulia. Mkunga wa Kilimani kamwambia hivi, mpima pamba kamwambia vile. Tuligaragara. Nilijua maneno yake yote kwa moyo, na mpaka leo ukinipa nafasi nitakuigizia vizuri kuliko mwenyewe. Hakuna aliyemwuliza hata siku moja: na wao wamesema nini?

Wao walikuwa wamesema mengi. Ng'ambo walikuwa wamepanda matikiti kwenye ule mchanga, harakaharaka, msimu ule ule, ili fundi wao aweze kusimama na kusema pale napo panalimwa. Kilimani walitaka uzio upite juu ya kisima chao ili kibaki ndani, na Ng'ambo wakawaunga mkono. Basi Kilimani nao wakawaunga mkono Ng'ambo. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya sana. Kila mmoja alivuta kamba kwake, na upande wetu haikuwa na mtu wa kuivuta.

Siku ya mwisho mwenyekiti akasema basi, mlango ukae Kwamsanja, kwa yule mjane aliye karibu na maji. Nani ana neno?

Semhando akasimama. Haya nilisimuliwa na yule mkunga mwenyewe, baadaye, na alipokuwa ananisimulia hakuwa anacheka. Anasema Semhando alivua kofia yake kwanza. Kisha akasema:

"Jamani, leo sitanii."

Ghala likapasuka kwa kicheko. Walikuwa hawajawahi kusikia utani mzuri kama ule. Akawaambia habari za mjane. Wakacheka. Akawaambia kuna wajukuu wawili, na kwamba tembo wenyewe njia yao ni ile ya mchangani, waulizeni wazee wenu. Mkunga akajifuta machozi kwa upande wa khanga. Kadiri alivyozidi kukaza uso ndivyo walivyozidi kuvunjika mbavu, maana mtani anayekaza uso ndiye hatari. Mwishowe akapiga meza kwa ngumi, akawaita wezi.

"Kakasirika!" fundi wa Ng'ambo akaruka. "Kuku! Kuku huyo!"

Sheria ni sheria. Wakamtoza kuku. Kuku akachinjwa, akapikwa, Semhando akapewa paja. Na mlango ukapitishwa, kwa kuwa mwenyekiti alitazama huku na huku na hakuona pingamizi.

Akarudi Kwamsanja. Tulikuwa pale pale kwenye mashine, tumeanza kucheka tangu alipoonekana kule kwenye kona. Akashuka kwenye baiskeli.

"Mlango umewekwa kwa Mwantumu," akasema.

Tukapiga makofi. Mbwego alianguka juu ya magunia ya pumba, akaomba aachwe afie pale pale. Mtu akasema, "Nenda kamwambie na mwenyewe Mwantumu, umwone atakavyokufukuza na mwiko!" Semhando akatutazama mmoja mmoja. Nilidhani anatafuta wa kuanza kumtania. Kisha akageuza baiskeli, akaisukuma kwa mkono mpaka kwake, na sisi tukasifu jinsi anavyotembea. Chambuso hakucheka. Lakini Chambuso hakuwa anacheka siku yoyote, kwa hiyo hakuna aliyemwona.

Wakaja vijana wa vijiji vyote vinne kufunga kamba. Nilikuwa miongoni mwao, na nawaambia hakuna aliyefunga fundo imara kama langu. Mwantumu alitoka na ndoo ya maji akatunywesha. Aliona kamba imefika mwanzo wa shamba lake ikakatika, na kule mwisho wa shamba ikaanza tena.

"Mbona hamjamaliza, wanangu?" akauliza.

Kijana mmoja wa Ng'ambo, hata hakuwa na nia mbaya, akamjibu: "Tumemaliza, mama."

Mwantumu akaitua ndoo. Akaifuata kamba kwa macho, huku na kule. Mimi nikajifanya nakaza fundo ambalo lilikuwa limeshakazwa.

Kesho yake alikwenda kwa miguu mpaka Mkuyuni. Mwenyekiti wa Baraza alimpokea kwa heshima zote, akamsogezea kiti, akamwuliza habari za wajukuu. Mwantumu akamweleza: mchanga, tembo, njia ya zamani, mahindi. Alieleza vizuri kuliko mjumbe yeyote. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasikitika, nadhani alisikitika kweli. Kisha akasema, "Mama, mbona mjumbe wenu alikuwepo? Tumekula naye."

Ndiyo yakaisha. Hakuna baraza jingine juu ya baraza lile. Mwenyekiti wetu wa kijiji alipotaka kulalamika, wenzake walimwuliza kama alisahau kwamba alitia sahihi neno la Baraza lifunge wote. Na kweli alitia, siku ile tulipokuwa na haraka ya kumaliza tukamsikilize Semhando.

Tembo walikuja mahindi yalipofika ya kuchoma. Sina la kuwalaumu. Waliletewa mlango, wakapita mlangoni. Walipopita mara ya pili hapakuwa na shamba, palikuwa na barabara.

Siku hizi Mwantumu analima vibarua Kilimani, ndani ya uzio, katika mashamba ya watu ambao uzio ule unawalinda. Wajukuu wamegawanywa, mmoja huku, mwingine kwa shangazi yake mjini. Na Semhando ameacha. Ukimwita kwenye msiba anakuja, anakaa kwenye mkeka na wengine, anasema poleni, anaondoka. Juzi tulimzika mzee wa watu, tukalia mpaka sauti zikakauka, na hakuna aliyetokea kutuzuia. Sikujua kumbe kilio kinaweza kuwa kirefu vile. Tulikuwa na kitu kizuri mahali pake. Tulikiondoa mahali pake tukakipeleka mahali ambapo uzuri wake ndio ulituponza. Sasa hatuna shamba na hatuna mtani.

Na Chambuso? Yupo. Bado anauliza bati. Juzi alinishika njiani akaniuliza, nikasimama, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Ilichukua muda, msifanye mchezo.

Haya, wenye vyeti. Mlango ni nini, na uzio ni nini, nyinyi mnajua, sitawatafunia. Bunge lile la nchi nyingi litakaa, mkitaka msitake, na siku moja litauliza mlango ukae kwa nani. Mimi nawauliza moja tu kabla hamjapanga mstari. Huyo mnayemtuma, siku atakaposimama kule akasema jambo kwa dhati ya moyo, kuna mtu atakayemwamini? Na akirudi hapa kuwaambia ninyi, mtakuwa mmeacha kucheka?

Ningeishia hapo. Huwa naishia hapo, na watu huondoka wakitikisa kichwa, wakisema watu wa Kwamsanja ni wajinga kweli, na mimi ninayewasimulia ndiye mwerevu peke yangu. Lakini kuna kipande nimekiruka. Huwa nakiruka kila mara, maana kinaniharibia mfano.

Mtu wa kwanza kusimama nyuma ya Semhando siku ile uwanjani, kabla ya Mbwego, kabla yangu na mluzi wangu, alikuwa Mwantumu.

Naye hakuwa mjinga. Alijua shamba lake liko wapi kuliko sote. Ila Mwantumu ni mzaliwa wa Kilimani, kwa hiyo Semhando ni mtani wake, na mumewe alipofariki, mama yule alikaa chumbani hali, halali, hasemi, mpaka wanawake wakaanza kunong'ona kwamba tutazika wawili. Semhando akaingia. Akapanda juu ya kitanda cha marehemu, akajifunika shuka gubigubi, akaanza kukoroma. Akatoa kichwa akasema, "Mke wangu, uji uko wapi? Nimetoka mbali." Mwantumu akamtazama. Akacheka. Akacheka mpaka akalia, na alipomaliza kulia akaomba uji, akanywa.

Nilikuja kumwuliza, si zamani. Nilimkuta Kilimani, katikati ya mahindi ya watu, anapalilia. Nikamwambia mama, wewe ulijua, kwa nini ulisimama nyuma yake? Hakusimamisha jembe.

"Yule alinirudisha duniani, mwanangu," akasema. "Ningemnyimaje?"